Masaa Huhesabiwa Toka Kwenye Ganda

Bi Matundu aliisoma ile fomu mara tatu. Mara ya kwanza akiwa na miwani, mara ya pili bila miwani, mara ya tatu akaishika mbali na uso kama mtu anayenusa samaki wa juzi. Kila mara uongo ulikuwa uleule. Umbali: kilomita 7,940. Muda wa safari: saa 9 na dakika 50.

"Nani kajaza hii?"

Ndani ya chumba cha kufungashia walikuwamo wanawake saba na vifaranga elfu sita, na vifaranga peke yao ndio waliojibu.

Wenzake walimjua. Huyu alikuwa mama wa maneno, miaka kumi na tisa katika kiangulio kile cha kutotolea vifaranga, mtu wa kumtania kila anayepita, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari wa mifugo. Jina la Matundu alilipata humo humo kazini. Maboksi ya vifaranga huletwa yakiwa na matundu ya hewa yaliyokatwa nusunusu, na yeye, hata kama lori linapiga honi nje, lazima apite akiyatoboa moja moja kwa kidole gumba. Walipoanza kumwita hivyo kwa kejeli aliitika kwa furaha, mpaka kejeli ikachoka, likabaki jina. Sasa mtu kama huyo akiacha utani, wenye akili zao huinamia kazi.

"Meneja," alisema wifi yake hatimaye. Wifi huyo, mke wa mdogo wake, ndiye aliyekuwa msaidizi wake. "Kaileta wakati uko kwenye chanjo. Kasema usaini tu, lori linatoka saa sita."

"Nisaini tu! Kama napokea gunia la mkaa."

Chini ya fomu, juu ya mstari uliokuwa ukimsubiri, yaliandikwa maneno haya: Mimi, msimamizi wa ufungashaji, nathibitisha kwamba vifaranga hawa watamfikia mpokeaji kabla ya kutimiza masaa sabini na mawili tangu kuanguliwa.

Kifaranga ni msafiri wa ajabu. Akitoka kwenye ganda, kiini cha yai hubaki kimefungwa tumboni mwake kama chakula cha njiani alichofungiwa na mamake, na kwa siku tatu anaweza kukaa bila punje ya chakula wala tone la maji. Ndiyo maana hupandishwa ndege akiwa hajala kitu. Lakini siku tatu ni siku tatu. Ya nne haina mjadala.

Miaka minne nyuma Bi Matundu alisaini fomu kama hii bila kuuliza swali. Baada ya wiki moja ikaja picha: boksi limefunguliwa, vifaranga mia moja wamelala wote wamegeukia upande mmoja, kama walioambiwa watazame ukuta. Meneja wa wakati ule akasema matundu hayakutobolewa. Yalikuwa yametobolewa. Aliyatoboa mwenyewe, na kidole kilimuuma siku mbili. Lakini jina lililokuwa chini ya fomu lilikuwa lake, na jina ndilo lililobebeshwa mzigo: barua ya onyo, na miezi mitatu ya kukaa nyumbani akihesabu mabati ya paa. Meneja yule akahamia kampuni nyingine, akapandishwa cheo.

Akavua glovu, akaikunja fomu, akavuka ua.

Meneja wa sasa alikuwa na miaka thelathini na kitu, na tai ya kila siku. Alikuwa mpwa wa tajiri mwenye kiangulio, na aliletwa miezi mitano iliyopita ili "aweke mambo kwenye mfumo". Wafanyakazi walimwita Kilomita, kwa vile hakuna jambo alilolitaja bila tarakimu. Walisema hata akienda chooni hurudi na wastani.

"Ah, shikamoo mama! Umeshasaini?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Hii ndege ya masaa tisa na dakika hamsini inaruka saa ngapi?"

"Jioni hii, saa kumi na mbili."

"Inatoka hapa, inatua kule kule kwa mteja?"

Kilomita akatabasamu, akamgeuzia simu yake. Kwenye kioo palikuwa na ramani ya dunia, nukta mbili za viwanja vya ndege, na kati yao mstari mwekundu uliopinda kama ukope. "Unaona? Unaandika kiwanja hiki, unaandika kile. Inakupa umbali, inakupa muda. Sekunde mbili! Zamani mlikuwa mnapoteza asubuhi nzima kwenye simu."

"Mstari nauona. Ndege iko wapi?"

"Mama, huo ndio muda wa ndege."

"Ndege ya shirika gani? Rubani wake nani?"

"Si ndege fulani. Ni... inachukua umbali, inagawa kwa mwendo wa kawaida wa ndege."

"Kwa hiyo vifaranga wangu unawapandisha kwenye hesabu ya kugawanya."

Hakungoja jibu. Aliinua simu ya mezani, akabonyeza namba aliyoijua kwa kichwa, akabonyeza na spika. Yeye na karani wa mizigo wa uwanja wa ndege walikuwa hawajawahi kuonana, lakini kwa miaka kumi walikuwa wametukanana kwenye simu vizuri kama majirani.

"Bi Matundu! Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie ukanishikie nafasi. Niambie, maboksi yangu sitini ya leo yanapita wapi?"

Zikasikika karatasi zikipekuliwa. "Yanaruka saa kumi na mbili jioni. Masaa sita, yanashuka kiwanja cha katikati. Hapo yanalala."

"Yanalala mpaka lini?"

"Ndege ya kwenda kule haipo kila siku, mama. Ya karibu ni keshokutwa asubuhi. Weka masaa thelathini ghalani. Halafu mengine manane hewani."

"Na ya moja kwa moja?"

"Kati ya viwanja hivyo viwili?" Karani akacheka mpaka akakohoa. "Labda uwarushe kwa manati. Tangu nianze kazi hapa haijawahi kuwepo."

"Hilo ghala la katikati lina mtu wa kuwaangalia?"

"Lina paa," karani alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Nakuheshimu, kwa hiyo nakwambia. Lina paa."

Bi Matundu akarudisha simu. Akaigeuza fomu, akachukua kalamu ya Kilomita kutoka mfukoni mwa shati la Kilomita, akaanza kuandika akisema kwa sauti.

"Wameanguliwa jana saa kumi jioni. Toka hapo mpaka ndege inyanyuke leo, ishirini na sita. Sita za kwanza hewani, thelathini na mbili. Thelathini za ghalani, sitini na mbili. Nane, sabini. Bado mkaguzi wa mifugo wa kule, bado foleni, bado barabara hadi shambani kwa mteja. Mwaka juzi, kwa mteja mwingine wa huko huko, ilikuwa kumi, na mkaguzi alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Themanini."

"Lakini hayo ishirini na sita huwezi kuyahesabu!" alisema Kilomita, na kwa mara ya kwanza alionekana kuumia kweli. "Ndege haijaruka. Safari inaanza ndege ikiruka."

"Yako wewe."

"Kila mahali duniani ndivyo—"

"Wewe utakwenda uwanjani umeshiba, umeoga, umebeba na biskuti. Yule safari yake ilianza alipovunja ganda jana. Sisi masaa tunayahesabu toka kwenye ganda. Ukimkalisha kwenye lori anahesabu. Ukimkalisha kwenye foleni wewe ukitafuta muhuri, anahesabu. Chakula chake kiko tumboni na kinaisha, Kilomita!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya uso wake. Kijana wa watu akashtuka, akarekebisha tai.

"Mteja nimeshamwandikia saa tisa na dakika hamsini," alisema polepole. "Ni mteja mpya, mama. Mjomba ameshamtangaza kwa kila mtu. Siwezi kumwandikia leo kwamba nilikosea masaa sabini."

Hapo ndipo Bi Matundu alipoelewa, na hasira iliyokuwa kifuani ikampanda hadi kwenye masikio. Alikuwa amedhani anabishana na mtu asiyejua. Kumbe anajua. Alikuwa ameshajua tangu karani alipocheka, labda na kabla ya hapo. Kilichokuwa kinamtisha ni kuandika barua moja ya aibu, na ili asiiandike, alikuwa tayari wafe vifaranga elfu sita.

"Na wakifa?"

"Kuna asilimia ya vifo inayokubalika."

"Inakubalika na nani? Umewauliza?"

"Na kama kutatokea tatizo, tutaangalia kwenye mnyororo mzima. Usafirishaji, ufungashaji..."

"Sema tena hilo la mwisho."

Kilomita akampigia mjomba wake, naye akaweka spika, kama anayemwonyesha mtu kwamba na yeye anaijua ile batani.

"Bi Matundu," sauti ya tajiri ikaja imezungukwa na kelele za magari. "Kuna nini tena?"

"Tajiri, ni masaa themanini. Hawafiki."

"Kijana kaniambia tisa."

"Kijana kapima ramani."

"Nafasi kwenye ndege imeshashikwa, mteja ameshaambiwa. Sasa hapo meneja ni nani, wewe au yeye?"

"Mimi ndiye ninayesaini."

"Basi asiyetaka kusaini akae pembeni, asaini anayetaka," tajiri akasema, na kelele za magari zikakatika.

Kilomita akaichukua fomu taratibu. Hakufurahi, hilo Bi Matundu alilikiri baadaye. Alikuwa na uso wa mtu aliyefunguliwa mlango ambao alitumaini umefungwa. Lakini aliingia.

Wakavuka ua mmoja mbele mmoja nyuma, meneja na fomu yake, Bi Matundu na kinywa chake, na njia nzima alimwambia mambo ambayo hayawezi kuandikwa kwenye fomu yoyote. Mlinzi wa getini, aliyekuwa ameandaa utani wa saa tano, aliumeza.

Chumbani maboksi yalikuwa yameshafungwa, mia mia, yamepangwa kwenye mikokoteni sita. Lori lilikuwa limeshageuzwa nyuma hadi mlangoni. Kilomita akapita moja kwa moja hadi kwa wifi.

"Dada, leo wewe ndiye kaimu msimamizi. Saini hapa."

Wifi akamtazama wifi yake.

"Usinitazame mimi," alisema Bi Matundu. "Soma kwanza. Nyuma kuna hesabu yangu."

Wifi akasoma mbele, akasoma nyuma. Alikuwa mzuri wa hesabu. Ndiye aliyekuwa akihesabu kwa mkono mmoja vifaranga watano watano bila kukosea. Midomo yake ilitikisika mpaka ilipofika themanini.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "mdogo wako yuko nyumbani tangu mwezi wa pili."

"Najua aliko mdogo wangu. Namletea unga."

"Basi nikikataa tutakuwa wawili nyumbani. Unga wa wangapi utaleta?"

"Ukisaini, wakifa, watakuita na kukuonyesha picha. Mimi picha hiyo ninayo kichwani mwaka wa nne huu. Nikuazime?"

"Wewe una miaka kumi na tisa hapa! Unaweza kugomba. Mimi nikigomba naitwa kichwa ngumu, kesho anakuja mwingine." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mgongo wa glovu. "Unanigombeza mimi kwa sababu niko karibu."

Lilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma Bi Matundu kuliko mengine yote ya siku ile. Wifi akasaini. Akasaini haraka, kama anayebandua plasta, akairudisha fomu bila kumtazama mtu.

"Asante, dada," akasema Kilomita. "Pakieni."

Hakuna aliyepakia. Wanawake wote saba walikuwa wamesimama, mikono kwenye aproni, na dereva wa lori alikuwa amechungulia akarudisha kichwa. Vifaranga wakawa wanalia ndani ya maboksi, ule mlio wao mmoja mwembamba unaotoka kwenye matundu elfu kadhaa kwa pamoja, hadi mtu asiyeuzoea hudhani ni mashine.

Bi Matundu alikuwa na njia ya kuondoka. Jina halikuwa lake tena. Angeweza kuchukua mkoba wake, akaenda nyumbani, na picha ikija ingekuja kwa mwingine. Aliifikiria njia hiyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na pumzi hiyo ndiyo iliyomkasirisha kabisa, kwa sababu aligundua kwamba hivyo ndivyo walivyotaka. Wote walikuwa wanahamisha jina tu, kutoka mkono hadi mkono. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akihamisha kifaranga.

Akashika mkokoteni wa kwanza, akausukuma. Lakini hakuusukuma kuelekea kwenye lori. Aliusukuma upande wa pili, kwenye mlango wa banda la kulelea, mahali wanapowekwa vifaranga ambao hawajapata wanunuzi. Taa za joto zilikuwa zinawaka, maranda ya mbao yametandazwa chini.

"Unafanya nini?" Kilomita akauliza.

Bi Matundu alikwenda kwenye bomba, akajaza chombo cha kwanza cha maji, akakigeuza juu ya sahani yake, akakiweka kwenye maranda. Akajaza cha pili.

Hapo wafungashaji wote wakaelewa, na mmoja akasema "Mungu wangu" kama aliyeona mtu akipanda nguzo ya umeme. Kwa maana karani wa mizigo hapokei kifaranga aliyekunywa. Akishakunywa na kula huanza kujisaidia, boksi hulowa, na anayelowa hupata baridi akafa hata kabla ya saa zake. Kifaranga akiingiza mdomo majini mara moja, habari ya ndege imekwisha, na hakuna meneja wala mjomba wa meneja anayeweza kumtoa maji tumboni.

"Mama! Mama, simama!"

Bi Matundu akararua mkanda wa boksi la juu, akainua kifaranga, akachovya mdomo wake kwenye maji. Mdogo yule akashangaa, akainua kichwa, maji yakashuka. Akachovya wa pili. Wa tatu. Ndivyo wanavyofundishwa: ukiwaonyesha ishirini hivi, waliobaki huiga.

"Umefukuzwa!" Sauti ya Kilomita ilipasuka katikati. "Unasikia? Umefukuzwa kazi! Nampigia mjomba sasa hivi!"

"Mpigie. Mwambie waliokunywa ni thelathini, wanaendelea."

"Utashtakiwa! Hii ni hujuma!"

"Hujuma ni ile uliyoshika mkononi. Hii ni maji!" Sasa alikuwa akipiga kelele kweli, amepiga magoti kwenye maranda, nywele zimetoka kwenye kofia, na kila neno lilitoka na kifaranga. "Miaka kumi na tisa! Naambiwa matundu, naambiwa ufungashaji, naambiwa nisaini, nisaini, nisaini! Wenye kuhesabu mnahesabu kutoka juu ya mawingu! Njoo uhesabu hapa chini!"

Wifi alikuwa wa kwanza kusogea. Alikokota mkokoteni wa pili, akapiga magoti upande wa pili wa chombo, akaanza kuchovya, watano watano, haraka kuliko wifi yake.

"Jina lako liko kwenye fomu," Bi Matundu akamfokea.

"Najua liliko jina langu. Nisogezee maji."

"Bado nimekukasirikia."

"Kasirika na mikono ikienda, wifi. Tuna maboksi hamsini na nane."

Wengine wakafuata, mmoja, wawili, kisha wote, na aliyebaki nyuma alikuwa amebaki kwa kuwa amekwenda kufungua bomba la pili. Dereva akazima injini bila kuulizwa.

Kilomita aliongea na mjomba wake akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ya upande wa pili hayakusikika, ila yake yalisikika: "Ndiyo, mjomba... Hapana, mjomba... Wote, naona... Themanini, ndiyo. Karani alisema... Hapana, sikukuambia." Kisha simu akaishusha kutoka sikioni ingawa sauti ilikuwa bado inasema ndani yake.

"Anasema uondoke leo," alimwambia Bi Matundu. "Na anasema... anasema mteja nimwandikie mimi. Kwa mkono wangu."

"Vizuri. Nitaondoka nikimaliza. Wewe hapo mlangoni unatoka au unaingia?"

"Mimi..."

"Joto linatoka! Wana siku moja duniani, unawaachia upepo! Toka au ingia!"

Mlango ukafungwa. Bi Matundu hakuinua macho kuangalia kama Kilomita amebaki ndani au nje. Alikuwa na kifaranga mkononi aliyekuwa mlegevu kuliko wengine, wa chini ya boksi, na alikuwa akimgusisha maji kwa mara ya tatu akimtukana kwa upole anywe, mpumbavu wewe, kunywa. Kisha kivuli chenye tai kikaanguka juu ya sahani.

"Mdomo unaingia mpaka wapi?" kikauliza.

"Ncha tu," alisema, bado na hasira yake. "Pua isifike, utamzamisha. Na hiyo tai itoe, inaingia majini."